Wazee Waliolala Chini ya Nyumba ya Solanji

Mwaka huu nilipita Dodoma nikielekea nyumbani Kahama, na basi liliposimama stendi wakaja akina mama na ndoo za zabibu. Jua lilikuwa limezipiga tangu asubuhi. Za juu zilikuwa nzuri, zimekaza ngozi na kupakwa ule unga mweupe wa asili. Za chini zilikuwa zimepasuka, na harufu yake ikapanda mpaka dirishani, tamu, nzito, na nyuma ya utamu kuna ukali kidogo. Abiria mwenzangu akafunga kioo. Nikamwomba akifungue. Sikununua hata kichala kimoja. Nilikaa tu nikivuta pumzi, na mpaka tunapita Manyoni nilikuwa nimesharudi kwenye ua wetu wa Nyahanga, mtoto wa darasa la tatu, namtazama mwanamke wa Kizungu akilamba jiwe.

Mliokulia Kahama miaka ile mnakumbuka mji ulivyokuwa. Ukilala, ukiamka kuna nyumba mpya na sura mpya. Malori ya mpunga yalipanga foleni barabarani, ng'ombe wa mnadani walipita katikati ya watu waliovaa viatu vya mgodini, na kila mtu, hata muuza karanga, alikuwa na habari za mahali fulani palipotoka dhahabu. Baba yangu hakuzijali habari hizo. Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa mtu wa Tabora mwenye babu wa pwani, mcha Mungu, mkimya, ambaye jioni alirudi mweupe wa pumba mpaka kwenye nyusi. Nyuma ya mashine ndipo palipokuwa na ua wetu, na pembeni mwa ua palikuwa na nyumba ndogo ya vyumba viwili aliyoipangisha.

Solanji alikuja kupanga humo. Alikuwa mtaalamu wa miamba, ameajiriwa na kampuni ya uchorongaji iliyokuwa ikitoboa ardhi huko maporini kutafuta dhahabu. Wenzake waliishi kambini, nyuma ya uzio. Yeye alisema kambini hakuna majogoo, na asiposikia jogoo hajui kama kumekucha. Alikuwa mrefu, mkavu, nywele zimeingia mvi, mikono yake migumu kuliko ya Mama. Alikuwa amekaa nchini miaka mingi na Kiswahili alikijua, ila alikisema polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Baba alimpa sharti moja tu. "Madamu, nyumba ni yako, ujisikie uko kwenu. Ila pombe isiingie kwenye ua huu, wala isitajwe mbele ya watoto."

Solanji alimtazama kidogo, akatabasamu. "Haitaingia, Baba Siwema. Wala haitatajwa."

Hakuivunja ahadi hiyo hata siku moja. Na hiyo ahadi ndiyo iliyonichanganya mimi.

Jioni alirudi na gari lake limejaa matope, akashusha mifuko ya mawe, akayamwaga barazani na kuyaosha kwenye beseni. Kisha akachukua moja moja, akaligeuza kwenye mwanga, akalilamba. Watoto wa mtaa mzima walipanda ukutani kushuhudia. Walisema anakula mawe, na kwamba ndiyo maana amekonda. Mimi niliyeishi naye ua mmoja niliona fahari kubwa. Nikiamkia, "Shikamoo Madamu," alijibu "Marahaba, Siwema" huku ulimi una vumbi.

Aliyethubutu kumuuliza ni Bibi Minza, mama yake Mama. Bibi alikuwa ameletwa mjini kutibiwa macho, na alikuwa akihesabu siku za kurudi shambani kwake, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka Kahama, ambako alikuwa na majaruba ya mpunga na ngitili, yaani eneo la nyasi lililotunzwa kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Mumewe alizikwa huko, na baba mkwe wake, na watu wa kabla yao. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na chenye Kisukuma kingi ndani, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake.

"Muulize," Bibi akaniambia, "jiwe lina utamu gani?"

Solanji akacheka. Akasema jiwe likilowa ndipo linapoonesha rangi yake halisi, na ulimi unaweza kutofautisha udongo na mchanga hata pale jicho linaposhindwa. Akamnyoshea Bibi kipande. Bibi, ambaye kama wanawake wengi wa kwetu alikula udongo wa kichuguu kila alipokuwa na mimba, alikipokea bila kusita, akakilamba, akatema.

"Halina chumvi," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Kwetu tuna kilima."

Ndivyo ilivyoanza. Tangu siku hiyo, baada ya chakula cha jioni, Bibi alisogeza kigoda chake mpaka barazani kwa Solanji na kusema, "Haya, kilima." Nami nilikaa katikati yao, nikifasiri, miguu yangu kwenye sakafu ya saruji ambayo bado ilikuwa na joto la mchana.

Kilima hicho kilikuwa Ufaransa, na kilikuwa cha mawe meupe kama chokaa. Babu wa kwanza wa akina Solanji alikuwa mchonga mawe. Alikata mawe ya kilima kwa nyundo na patasi, mji mzima wa bondeni ukajengwa kwa mawe hayo, na kadiri nyumba za watu zilivyoinuka, ndivyo shimo lake lilivyoingia ndani ya ardhi, chumba baada ya chumba, mpaka kilima kikawa na utupu tumboni. Alipozeeka watu wa bondeni wakamwachia kilima, kwa kuwa juu yake ngano haikuota, wala kabichi. Yeye akajenga nyumba juu ya shimo lake na kupanda mizabibu. Mzabibu hauogopi mawe, Solanji alisema. Mzizi wake hushuka ukitafuta maji mpaka ufike mahali ambapo jembe halijawahi kuota kufika.

Mimi niliijua zabibu moja tu, ile kavu nyeusi ambayo Mama aliitia kwenye pilau siku ya Idi. Kwa hiyo nilikiona kilima cheupe chote kikiwa na miti midogo iliyozaa zabibu kavu, na nikastaajabu jinsi watu wa huko walivyopenda pilau.

Baadaye kikaja kidudu. Kidogo kuliko kichwa cha sindano, alisema, na kikala mizizi ya mizabibu nchi nzima. Mashamba yaligeuka manjano, watu wakang'oa, wakachoma, wakahama. Wanaume wa kwao walitaka kuuza kilima na kupanda meli. Aliyekataa ni bibi mmoja aliyeitwa Klemansi. Yeye alisikia kwamba kuna mizabibu ya mwituni huko Marekani ambayo kidudu hakiiwezi. Akaagiza mizizi yake, akakata mzabibu wa nyumbani, akaufunga juu ya mzizi wa kigeni kwa uzi na matope, mche kwa mche, yeye na mabinti zake, wakipiga magoti kwenye mawe.

"Ukashika?" Bibi aliuliza, naye ameinama mbele kabisa.

"Ukashika. Mpaka leo mizizi ni ya ugenini, zabibu ni za kwetu."

Bibi akanitazama mimi, mtoto wa baba wa Tabora na mama wa Kisukuma, akaguna guno refu la kukubali.

Halafu vita. Wanaume walikwenda na wengine hawakurudi, na wanawake wakavuna wenyewe, wakibeba vikapu mgongoni. Halafu vita vingine, na askari wageni waliokuja kuchukua kila kilichokuwa ghalani. Mama yake babu wa Solanji akaziba mlango wa shimo kwa mawe, na mbele ya mawe akarundika samadi yote ya ng'ombe wa kijiji, mbichi, inayofuka moshi. Askari walifika na viatu vyao vinavyong'aa. Wakalitazama lile rundo. Wakageuza.

Bibi alicheka mpaka akafuta macho yake mabovu kwa pindo la kanga. "Mwambie, mavi ya ng'ombe yameokoa watu wengi!"

"Walificha nini humo?" nikauliza.

Solanji akasita. Nilimwona akitupa jicho upande wa pili wa ua, ambako Baba alikuwa anatawadha kwa ajili ya sala ya Isha. Akatafuta maneno, akayapata.

"Wazee wetu," akasema. "Wazee wetu wote wamelala humo chini ya nyumba. Gizani, kwenye ubaridi, wamepangwa vizuri. Babu yupo. Baba yake Babu yupo. Bibi Klemansi ametubakia kidogo tu, tulimfungua siku ya harusi ya wazazi wangu."

"Mkamfungua?"

"Ndiyo. Kila mtu alipata kidogo sana. Wanasema mwanzoni alikuwa mchungu, halafu utamu ukaja, ukakaa mdomoni mpaka asubuhi. Watu walilia."

Sikumfasiria Bibi. Nikauliza, "Na baba yako?"

"Baba naye yuko chini," Solanji akasema kwa upendo mkubwa. "Lakini bado hajaiva. Asiguswe kwanza."

Usiku huo nililala nimejifunika shuka mpaka kichwani, katikati ya joto la Kahama. Asubuhi nilimweleza Bibi kila kitu kwa kunong'ona: kwamba huko kwao Madamu wafu hawazikwi, hupangwa kwenye shimo chini ya nyumba, na siku za harusi huonjwa. Nilidhani Bibi atapiga kelele. Aliendelea kuchambua kunde.

"Kila ukoo na mila zake, mjukuu wangu," akasema. "Usimuulize mtu sana habari za makaburi ya kwao. Kama wanawakumbuka wazee, hilo ni jema."

Hofu yangu haikuisha, ila ilibadilika ikawa kitu kingine ambacho mpaka leo sina jina lake. Nilianza kumtazama Solanji kama unavyotazama nyumba ndefu. Nilihisi nyuma yake wamesimama watu wengi, mchonga mawe, Klemansi na matope magotini, yule wa samadi, na kwamba hao wote, kwa namna ya kutisha na tukufu, wamo ndani ya mwili wake. Nilikuwa nikikanyaga sakafu yetu taratibu. Nilimuuliza Mama kama chini ya nyumba yetu kuna mtu. Akaniambia kuna mchwa.

Wakati huo huo akaja Mjomba Masanja, mwana wa mwisho wa Bibi, aliyebaki kulima shamba. Alifika mchana na baiskeli yake juu ya lori la mpunga, hakutaka hata maji. Akatoa mfukoni jiwe lililofungwa kwenye kitambaa.

"Mama, hili limetoka kwenye ngitili, chini ya ule mti wa miiba. Jirani zetu wameshafungua maduara. Rashi imefika. Watu wanatoka Geita, wanatoka Nyarugusu, wanalala kwenye mahema. Wanasubiri neno lako tu."

Maduara ni yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na rashi ni mmiminiko wa watu pale dhahabu inaposikika. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mtaani, lakini sikuwahi kuyasikia yakitajwa pamoja na shamba la Bibi. Mama alikaa chini. Baba alitoka mashineni na pumba zake, akasimama mlangoni.

Bibi hakulishika jiwe. "Mpe huyu," akasema, akimnyoshea kidole Solanji, ambaye siku hiyo alikuwa amerudi mapema kutoka porini.

Solanji alilipokea kwa mikono miwili. Akaliosha, akalilamba, akalitazama kwa kioo chake kidogo kwa muda mrefu, akaligeuza, akalitazama tena. Nilimwomba Mungu aseme hakuna. Sijui kwa nini nilimwomba hivyo, labda kwa sababu uso wa Bibi ulikuwa kama wa mtu anayesubiri hukumu.

"Ipo," akasema. "Siwezi kusema ni nyingi kiasi gani. Lakini ipo."

Mjomba akapiga makofi mara moja, kisha akaona aibu, akaficha mikono. "Umesikia, Mama. Majaruba yatapitiwa kidogo tu. Makaburi tutayahamisha kwa heshima, na ng'ombe tutachinja."

"Nimesikia," Bibi akasema. "Nipe nafasi."

Siku zilizofuata hakuja barazani. Alikaa nyuma ya nyumba, uso ameuelekeza kule liliko shamba lake, kana kwamba macho yale yangeweza kuona mbali hivyo. Mjomba naye alizunguka uani kama kuku aliyekosa pa kutagia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi, nyumba ya nyasi, na jirani aliyekuwa ameshaezeka bati. Baba alimwambia Mama, nami nikasikia, kwamba ardhi si yake, na kwamba mkwe mwenye akili hunyamaza.

Jioni moja, jua likiwa bado lipo, simu ya Solanji ikalia. Mimi nilikuwa nampelekea bakuli la viazi kutoka kwa Mama. Akaitazama, uso wake ukabadilika.

"Ni baba yangu," akasema, akakimbilia karibu na tangi la maji, mahali ambapo mtandao ulishika vizuri.

Bakuli lilinitoka. Lilianguka, viazi vikaviringika hadi kwenye miguu ya Baba. Nilipiga ukelele uliowatoa watu wote ndani. "Marehemu anapiga simu! Baba yake Madamu amepiga simu kutoka shimoni!"

Ilichukua muda nieleweke. Nililia na kueleza, nikaeleza na kulia: wazee waliopangwa gizani, Klemansi aliyeonjwa harusini, baba ambaye hajaiva. Solanji alikuwa ameshika simu mbali na sikio, mdomo wazi. Kisha akakaa chini pale pale kwenye tope la tangi, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, machozi yakimtiririka. Akamtazama Baba, kama mtu anayeomba ruhusa.

Baba akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Mwambie tu, Madamu," akasema. "Afadhali mvinyo kuliko kula watu."

Ndipo nikaambiwa. Zabibu hukamuliwa, maji yake hukaa yakageuka mvinyo, mvinyo hulazwa chupani shimoni miaka na miaka, na kwao kila chupa huitwa kwa jina la yule aliyelima na kukamua. Babu ni mvinyo wa Babu. Klemansi ni mvinyo wa mizabibu ile aliyoifunga kwa mikono yake. Nilifuta kamasi nikisikiliza. Mngedhani ukweli ungeupunguza ule ukubwa. Haukupunguza. Mtu amekufa tangu zamani, na kazi ya mikono yake bado inaendelea kubadilika gizani, inazidi kuwa nzuri, na siku ikifunguliwa inamtaja jina. Hata Baba, ambaye hakuwahi wala hatawahi kuonja, alitikisa kichwa. "Kama mchele wa mwaka jana," akasema taratibu. "Ukikaa, hupikika vizuri zaidi."

Simu ilikuwa bado hewani. Sauti ya mzee ilikuwa ikiita ndani yake, ndogo kama ya nyuki. Solanji akasikiliza, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akatueleza. Kwao kulikuwa kumeanguka jalidi, baridi kali ya alfajiri inayounguza majani machanga kama moto. Mzee na majirani waliwasha mioto ya majani makavu kati ya mistari ya mizabibu wapate kuipasha hewa. Sehemu ya juu imepona. Ya chini imekufa yote. Na mzee amechoka, na kuna kampuni inataka kukinunua kilima, nyumba, shimo na wote waliolala humo, naye hana mtoto mwingine isipokuwa huyu aliyekwenda kufuata mawe ya watu Afrika.

Bibi alikuwa amekuja bila kusikika. Akanyoosha mkono. "Nipeni nimsalimie."

Sikuwahi kuona kitu kama kile, na sijaona tena. Solanji aliweka sauti ya simu juu, akaishika mbele ya uso wa Bibi. Bibi akapiga goti kidogo, kama anavyosalimiwa mtu mzima, akasema kwa Kisukuma, maana mtu mzima mwenzako humwamkui kwa lugha ya kuazima:

"Mwadila."

Nikafasiri salamu hiyo ya jioni kwa Kiswahili, Solanji akafasiri kwa Kifaransa. Kisha sauti ya mzee ikarudi, nzito, na Solanji akasema, "Anasema, habari za jioni mama, na samahani amekaa, magoti yamemchoka."

"Mwambie akae. Udongo wa kwake ukoje?"

"Mweupe, anasema. Mawe. Na wa kwako?"

"Mweusi, wa mbuga. Kiangazi unapasuka mpaka mbuzi anavunjika mguu."

Nilisikia kicheko upande wa pili. Mzee akauliza kama mvua ikinyesha unanata kwenye viatu. Bibi akasema unavua viatu na unaondoka navyo. Walikwenda hivyo kwa muda, maneno yakitoka kwake yakipita kinywani mwangu na kinywani mwa Solanji mpaka upande wa pili wa dunia, na kurudi. Walizungumzia ndege wanaokula mazao. Walizungumzia watoto wanaoondoka. Nilijihisi kama mfereji unaopitisha maji ya mito miwili, nikaogopa kukohoa nisije nikamwaga.

Kisha Bibi akauliza lile alilolibeba siku zote zile. "Muulize, chini ya kilima chake kungekuwa na dhahabu, angechimba?"

Mjomba Masanja akasogea karibu.

Mzee alipojibu, Solanji alisikiliza mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo.

"Anasema, kama watoto wangekuwa wanakufa njaa, angechimba leo. Kama hawafi, angesubiri. Anasema dhahabu haiozi. Itakuwapo hata kwa vitukuu. Lakini zabibu zinaoza, na mzabibu unakufa, na kinachokufa ndicho kinachohitaji mtu leo."

Bibi alifumba macho. "Mpunga wangu uko kwenye masuke," akasema, si kwa mzee, wala kwa sisi. Kisha akainua uso. "Mwambie nimeshukuru. Mwambie pole ya baridi."

Simu ilipokatwa alimgeukia Solanji kwanza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, ili asihitaji mkalimani. "Wewe, mwanangu. Unatafuta nini kwenye mashimo ya watu, na shimo lenu lipo?"

Solanji aliokota viazi kimoja kimoja, akavitia kwenye bakuli.

Kwa mwanawe, Bibi aliongea kesho yake. Alisema watoto wake hawafi njaa, dhahabu itasubiri. Mjomba alimwita mkaidi. Alisema wenzao watajenga na wao watabaki kuangalia. "Wajenge," Bibi akasema. Mjomba akaondoka bila kuaga, akaenda Nyarugusu kuchimba kwenye maduara ya watu wengine, na Bibi akalia peke yake nyuma ya nyumba, kilio cha chini kisichotaka kusikika. Mama alitaka kwenda kumnyamazisha, Baba akamzuia.

Solanji aliacha kazi kiangazi hicho. Kabla ya kuondoka alitupeleka shambani kuvuna. Nakumbuka mpunga ulivyolala wa dhahabu mpaka kwenye ukingo wa ngitili, na ng'ambo ya mpaka, udongo mwekundu uliofukuliwa, mahema ya plastiki, na mlio wa karasha zikisaga mawe mchana kutwa. Bibi alimshika mkono yule mwanamke mrefu, akampeleka hadi kwenye mawe ya makaburi, akaongea na ardhi kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayebisha hodi: nimemleta mgeni, kwao nako wanalima, mpokeeni. Solanji alipiga magoti kwenye mabua. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba na sisi tunao, wamelala chini yetu, na nikavua ndala.

Miaka ilipita kama inavyopita. Kwa jirani maduara yaliisha mali, yakajaa maji ya mvua na vyura. Mjomba Masanja alirudi kutoka Nyarugusu misimu kadhaa baadaye, kifua kikimkwaruza, akaomba jembe, na Bibi akampa bila kumuuliza chochote. Solanji alipiga simu kila msimu. Kilima hakikuuzwa. Alisema anajifunza upya kazi aliyoikimbia, na baba yake anamgombeza kila asubuhi, na kugombezwa huko ndiko kunakomwamsha siku hizi.

Nilikuwa sekondari alipopiga akasema mzee amefariki, asubuhi, akiwa kitini, dirisha likiwa wazi kuelekea mizabibu. Bibi alikuwa kwetu tena wakati huo. Macho yalikuwa yameshamwacha kabisa. Aliuliza jambo moja tu. "Mmemlaza wapi?"

"Kilimani, Bibi. Juu, pale pasipofika baridi."

Bibi akarudisha simu. Akamwomba Mama amtandikie mkeka uani, akaketi, akanyoosha miguu, akajifunika kanga kichwani, akaanza kulia kwa sauti ya msiba, ile ya wazi inayovuka kuta. Mama akaketi kando yake. Niliona Baba akitoka mashineni. Alisimama pale, mweupe wa pumba, akasikiliza ni nani aliyekufa. Kisha akarudi, akazima mashine, ikawa kimya mtaa mzima. Alinawa uso, akaja akaketi kwenye ukingo wa mkeka, akamshika Bibi mkono. "Pole, Mama," akasema. "Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea."

Majirani wakaanza kuingia, kama wanavyoingia watu wa Nyahanga wakisikia kilio, wanawake wakijifunga kanga njiani, wanaume wakishusha sauti mlangoni. Mjomba Masanja, aliyekuwa mjini kuuza mpunga, alifika jioni na gunia la mchele mpya, akalishusha jikoni, akawasha moto mwenyewe. Watu waliulizana kwa macho. Ndugu wote wa nyumba walikuwepo, wazima. Mwishowe mama mmoja wa makamo akainama kwenye sikio la Bibi.

"Pole sana, Bibi. Ni nani aliyetutoka?"

Bibi alifunua uso. "Mkulima mwenzangu," akasema.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Wakavua viatu, wakaketi.